Mzigo Wetu Upitie Wapi? Bandari ya Tanga na Maduka ya Nyumbani

Mada ya Kamati ya Fedha iliyosomwa kwenye mkutano mkuu na harambee ya mwaka, Dar es Salaam



Kamati ya Fedha tumepewa dakika ishirini. Kila mwaka tunazitumia kusoma mapato na matumizi, na kila mwaka tunawaona wazee wawili watatu wakisinzia kabla hatujafika kwenye salio. Safari hii hesabu mmegawiwa mlangoni. Tunaomba tuzungumzie mstari mmoja tu, ule wa ukurasa wa tatu: "Gharama za bandari, shilingi 6,400,000."

Wengi mmetuuliza kuhusu mstari huo. Wengine mmeuliza kwa upole, wengine kwa ukali kwenye kundi letu la WhatsApp. Mama mmoja alitupigia simu akasema: "Wanangu, sisi tulichangia dari ya zahanati. Bandari na zahanati wapi na wapi?" Swali hilo ni la haki, na leo tunalijibu mbele ya watu wote.

Kontena la kwanza

Mwaka juzi wenye maduka wetu wa Soni na Mombo walituletea wazo. Bidhaa wanazouza, yaani sahani, chupa za chai, mabegi ya shule, vipuri vya pikipiki na taa za sola, wananunua Kariakoo. Kariakoo nako zimetoka China, zikapita mikononi mwa mwagizaji, muuzaji wa jumla na dalali, kisha zikapanda lori au basi kurudi kaskazini. Kila mkono umeongeza chake. Mama wa Soni anapomnunulia mtoto begi, analipia mikono yote hiyo. Basi wakasema: tuchange, tuagize kontena moja letu la futi 40 kutoka Guangzhou. Chama nacho kiweke humo vitanda na taa za sola za zahanati.

Tulikubali. Wazo lilikuwa zuri, na hata leo tunaliona hivyo. Utekelezaji ndio uliotushinda.

Kontena lilifika Bandari ya Dar es Salaam baada ya siku 27 baharini. Likakaa bandarini siku 31. Hatuna wa kumlaumu zaidi yetu wenyewe. Ankara zilikuwa za wauzaji kumi na mmoja, na orodha ya mizigo haikulingana na ankara. Vitanda vya zahanati vilihitaji kibali cha pekee, nasi tukakiomba mzigo ukiwa umeshashuka. Wakala wetu wa forodha alifanya alichoweza, lakini huwezi kumtuma mtu kuchota maji kwa tenga.

Ndugu zetu, mzigo ukiwa bandarini kuna saa mbili zinazotembea, na wengi wetu tulikuwa tunaijua moja tu. Ya kwanza ni ya bandari: mzigo una siku chache za bure, zikiisha unalipa uhifadhi kila siku, na kadiri unavyochelewa ndivyo kiwango kinavyopanda. Ya pili ni ya kampuni ya meli. Kontena ni mali yao, si yako. Umepewa siku kadhaa ulitoe bandarini, ulipakue na ulirudishe likiwa tupu. Siku hizo zikipita unalipa kwa kila siku, na unalipa kwa dola. Saa hizi hazisimami Jumapili wala sikukuu.

Bili ya saa zote mbili ilifika shilingi 6,400,000. Wenye maduka walikuwa wamemaliza mitaji yao kwenye mzigo, na kila siku tuliyosita bili iliongezeka. Sisi Kamati ya Fedha tukaidhinisha ilipwe kutoka akaunti ya zahanati. Hatukuitisha mkutano. Tulijiambia mzigo ukiuzwa fedha zitarudi. Ndiyo maana zahanati ina vitanda vipya na taa za sola, lakini haina dari. Tulikosea, na tunawaomba radhi.

Kwa nini tuliiangalia Tanga

Baada ya hapo tulikaa na wenye maduka. Swali la kwanza lilikuwa: je, lazima mzigo wa watu wa Usambara upitie Dar es Salaam?

Bandari ya Dar es Salaam inabeba sehemu kubwa kabisa ya shehena ya nchi yetu, na juu yake mizigo ya Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi, Uganda na Malawi. Kontena letu moja la sahani na mabegi ni tone katika bahari hiyo. Likitoka, linasafiri zaidi ya kilomita 300 kwa barabara hadi Mombo. Kutoka Tanga mjini hadi Mombo ni kama kilomita 130 tu.

Wazee watasema: Tanga tunaijua, ni bandari ya zamani. Ni kweli. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, ikapita Korogwe na Mombo, ikafika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1929 ikafika Arusha. Mkonge ndio ulioipa Tanga jina. Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, tukiongoza duniani, na sehemu kubwa ilipandwa mkoani kwetu. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, mashamba yakaota magugu, na uzalishaji ukashuka hadi sehemu ndogo tu ya ule wa zamani. Bandari ikapungukiwa mzigo, na meli zikapungua. Tunaomba mlikumbuke jambo hili, maana tutalirudia kabla hatujamaliza.

Kulikuwa pia na tatizo la kina. Gatini maji yalikuwa ya mita tatu hivi. Meli kubwa ilitia nanga mbali, kiasi cha kilomita 1.7 kutoka gatini, mzigo ukashushwa kwenye matishari, matishari yakavutwa hadi gatini, kisha mzigo ukainuliwa tena. Kila kitu kilibebwa mara mbili. Muda na gharama viliongezeka, na vitu kuvunjika nako kuliongezeka.

Serikali, kupitia Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari, ilifanya mradi mkubwa wa awamu mbili uliogharimu shilingi bilioni 429.1. Njia ya meli imechimbwa, na gati mbili zenye urefu wa jumla wa mita 450 zimejengwa, kina kikifika mita 13. Sasa meli inafunga gatini na kushusha hapo hapo. Hiyo ni kodi yetu, ndugu zetu. Si vizuri tuipite njiani Segera tukielekea Dar kana kwamba haipo.

Yaliyowapata wakubwa

Wapo waliotuambia: "Haya ya kuchagua bandari ni mambo ya kampuni kubwa." Basi tuwaangalie hao wakubwa. Nchini Marekani, bandari mbili jirani za Los Angeles na Long Beach hupokea takriban asilimia 40 ya makontena yanayoingia nchi ile. Mwaka 2021, baada ya korona, watu walinunua bidhaa kwa wingi na bandari hizo zikazidiwa. Mwezi Novemba zaidi ya meli 100 za makontena zilikuwa zinangoja zamu. Nauli ya kontena la futi 40 kutoka Shanghai ikapita dola 10,000. Wenye maduka makubwa kama Walmart, Home Depot na Costco walifikia hatua ya kukodi meli zao wenyewe, na waagizaji wengi walihamishia sehemu ya mizigo kwenye bandari za upande wa mashariki na kusini mwa nchi.

Hapo kuna mafunzo mawili. La kwanza, mwenye duka aliyezoea mlango mmoja tu alikaa bila bidhaa msimu wa sikukuu. La pili, bandari ya Savannah, iliyokimbiliwa na wengi, nayo ilipata foleni ya meli mwaka huo huo. Mlango wa pili haukuepushi na matatizo yote. Unakupa mahali pa kugeukia la kwanza likifungwa, mradi uwe umeshaizoea njia yake.

Kontena la pili na hesabu zake

Mwaka huu wenye maduka waliagiza kontena la pili, nalo likapitia Tanga. Safari hii haikutumika hata senti moja ya zahanati. Tunawapa matokeo bila kuyapamba.

Baharini lilichukua siku 38, siku 11 zaidi ya lile la kwanza. Meli za makontena zinazokuja Tanga moja kwa moja ni chache. Kontena letu lilishushwa kwanza bandari nyingine, likangoja meli ndogo, ndipo likaletwa. Nauli nayo ilizidi ile ya Dar kwa dola 500.

Hapa tunaomba utulivu kidogo, maana ndipo waagizaji wadogo wengi wanapoumia bila kujua. Forodha ya Afrika Mashariki haikutozi ushuru kwa bei ya bidhaa peke yake. Inajumlisha bei ya bidhaa, bima na nauli ya meli, kisha ndipo inapiga ushuru. Kwa hiyo nauli nayo inatozwa. Chukua dola 500 za nauli iliyozidi. Bidhaa ya ushuru wa asilimia 25 inaongeza dola 125. Jumla ni dola 625, na juu yake VAT ya asilimia 18, dola 112 na senti 50. Nauli iliyoonekana kuwa dola 500 imekuwa dola 737 na senti 50, kabla ya tozo nyingine ndogo. Aliyesajiliwa VAT ataidai ile aliyolipa. Mwenye duka dogo asiyesajiliwa haidai popote, naye ataiweka kwenye bei ya begi.

Kwa upande wa pili, bandarini kontena lilikaa siku 9 badala ya 31. Lori lilikwenda chini ya nusu ya ule umbali wa Dar. Ukijumlisha siku za bahari na za bandari, la kwanza lilichukua siku 58 na la pili siku 47. Bili ya kuchelewa haikuwepo kabisa.

Je, tuseme Tanga imetuokolea siku 22 za bandarini? Hapana. Tungekuwa wahasibu wa ajabu. Siku nyingi kati ya hizo ziliokolewa na makaratasi. Safari hii kibali kilitangulia, ankara zililingana na orodha ya mizigo, na wakala alikuwa na nakala zote wakati meli ingali baharini. Kama tungefanya hivyo mwaka juzi, kontena lingetoka Dar mapema, na pengine lingekuwa rahisi kuliko la Tanga, maana unafuu wa lori haukufuta nauli yote iliyozidi.

Kwa hiyo hatusimami hapa kusema Dar ni mbaya na Tanga ni nzuri. Tunachosema ni kwamba Tanga sasa ni mlango halali wa mzigo wetu, na kuutumia au kutoutumia kuamuliwe kwa hesabu, si kwa mazoea. Wapo pia ndugu zetu wanaopitisha Mombasa na kuingilia Horohoro. Nao wapige hesabu ile ile, wakikumbuka kwamba mpaka ni kituo kingine cha makaratasi.

Kabla ya kukubali bei ya mtu yeyote wa meli, mwenye duka aulize haya matano:

Kwanza, meli inakwenda moja kwa moja au kontena litabadilishiwa meli njiani, na huko kwa kawaida linangoja siku ngapi?

Pili, siku za bure ni ngapi kwa bandari, na ngapi kwa kampuni ya meli? Ajibiwe kwa maandishi.

Tatu, kontena tupu linarudishwa wapi? Ukishushia Tanga halafu ukatakiwa kulirudisha Dar es Salaam, ule ukaribu wa Tanga umeupoteza.

Nne, kila bidhaa iliyomo inahitaji kibali au cheti gani, na kinatolewa kabla au baada ya mzigo kufika?

Tano, gharama yote mpaka mlangoni kwa duka ni kiasi gani: nauli, ushuru, bandari, wakala, lori na makuli? Bei ya nauli peke yake haimwambii mtu chochote.

Meli hufuata mzigo

Sasa turudi kwenye mkonge, kama tulivyoahidi. Meli zilijaa Tanga kwa sababu mkonge ulikuwepo, na mkonge ulipopungua, meli hazikubaki kwa sababu ya urafiki. Serikali imechimba kina na kujenga gati. Kuleta meli ni kazi ya wenye mizigo. Tukipeleka Tanga kontena moja kila baada ya mwaka na nusu, nauli itabaki juu na tutaendelea kungoja meli ndogo. Wenye maduka wa Soni, Mombo, Korogwe na Lushoto wakipanga mizigo yao pamoja, mwezi unaojulikana, makontena manne au matano kwa mkupuo, hapo wakala wa meli anatusikiliza.

Tukumbuke na upande wa kutoka. Kontena linalokuja na sahani likirudi tupu, anayeleta sahani ndiye analipia safari zote mbili. Mkoa wetu una mkonge unaofufuka, una chai, una viungo vya Amani na Muheza. Kila mzigo wa kwetu unaotoka kwa njia ya Tanga unamsaidia mama wa Soni anayenunua begi, hata kama hajawahi kuliona gati.

Ndiyo maana tunapendekeza mambo mawili, na tunaomba mkutano uyapitishe.

La kwanza, akaunti ya zahanati isiguswe tena kwa mzigo wowote, na saini ya Kamati ya Fedha peke yake isitoshe. Kuanzia leo, malipo yoyote kutoka akaunti hiyo yawe na saini ya mwakilishi wa wazee wa nyumbani.

La pili, wenye maduka wawe na mfuko wao wa mizigo, wenye viongozi wao na akiba ya dharura ya bandarini inayochangwa kabla kontena halijapakiwa. Chama kiwasaidie kwa ushauri wa hesabu na makaratasi. Sisi wanakamati tumejitolea kazi hiyo bila malipo.

Deni la zahanati

Tumalizie na zile shilingi 6,400,000, maana mama aliyetupigia simu yupo ukumbini na anatuangalia.

Wenye maduka wa kontena la kwanza wamesharudisha 3,900,000. Tunawashukuru, maana wengine wamelipa kwa tabu. Zimebaki 2,500,000. Sisi watano wa Kamati ya Fedha tumelipa 200,000 kila mmoja kutoka mifukoni mwetu, jumla 1,000,000, na stakabadhi za benki ziko mezani kwa Katibu. Wenye maduka wa kontena la pili waliahidi kuichangia zahanati shilingi 2,000 kwa kila katoni. Katoni zilikuwa 620, na 1,240,000 imeshaingia benki wiki iliyopita. Imebaki 260,000. Hiyo itatoka kwenye posho zetu za vikao vya mwaka ujao, yaani tutakutana na kunywa chai ya kujinunulia. Hakuna shilingi ya ahadi zenu za usiku huu itakayokwenda kuziba kosa letu.

Ahadi zenu za usiku huu ni kwa ajili ya kazi iliyo mbele. Dari itawekwa kwa fedha zilizorudi. Tunachotafuta sasa ni shilingi milioni 18 kwa ajili ya milango, tangi la maji na mabomba yake, na chumba cha kujifungulia. Leo mama mjamzito wa kijijini kwetu anateremka mlima usiku kwa pikipiki, na barabara ya kona mnaijua. Vitanda vipo vimefunikwa nailoni vinangoja chumba. Taa za sola zimefungwa na zinawaka. Kilichobaki si kikubwa kuliko sisi.

Atakayeweza kutoa milioni atoe, na atakayeweza kutoa elfu kumi atoe kwa moyo ule ule. Kila jina litaandikwa, na kila matumizi yatabandikwa kwenye ukuta wa zahanati yenyewe ili wasiokuwa na WhatsApp nao wayasome.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ndugu zetu, haba na haba hujaza kibaba. Hujaza na kontena pia, tukichanga kwa mpango na makaratasi yakatangulia.